Kilomita 18, nauli tatu

Hotuba kwa madiwani, maofisa mipango miji, waajiri na wadau wa usafiri wa Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maofisa mipango wa halmashauri zetu, wenzetu wa vyama vya wamiliki na madereva wa daladala, waajiri mliofika, na ndugu wananchi: habari za asubuhi, na asanteni kwa kutupa nafasi hii.

Tunaomba tuanze na hesabu. Mada ya usafiri na umaskini ikianza na maneno makubwa, huishia kwenye maneno makubwa hayo hayo. Chukueni karatasi na kalamu.

Viwango vya nauli za daladala vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023 vinasema hivi: safari isiyozidi kilomita 10, shilingi 600. Kilomita 11 hadi 15, shilingi 700. Kilomita 16 hadi 20, shilingi 800. Mwanafunzi, shilingi 200. Sasa mchukueni mfanyakazi anayeishi kilomita 18 kutoka kazini. Akipata gari la moja kwa moja analipa 800 kwenda na 800 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 41,600. Safari hiyo hiyo ikikatwa vipande viwili vya kilomita tisa tisa, kila kipande ni 600, kwa hiyo ni 2,400 kwa siku na 62,400 kwa mwezi. Ikikatwa vipande vitatu vya kilomita sita sita, ni 3,600 kwa siku na 93,600 kwa mwezi.

Umbali haujaongezeka hata hatua moja. Kilichoongezeka ni idadi ya mara alizoshuka na kupanda tena. Kama mtu huyo anapata 200,000 kwa mwezi, safari ya moja kwa moja inachukua kama moja ya tano ya mshahara wake, na safari ya vipande vitatu inakaribia nusu. Hilo ndilo tulilokuja kusema leo: katika jiji hili tofauti kati ya mwenye kazi na asiye na kazi inajificha ndani ya nauli ya pili na ya tatu, na sera zetu nyingi za usafiri, hata zile nzuri, zimekuwa zikiongeza nauli hizo bila kuzihesabu.

Tuone kwanza anayelipa vipande vitatu ni nani. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 Dar es Salaam. Mwaka 2012 walikuwa milioni 4.36, na mwaka 2022 wakafika milioni 5.38. Ongezeko hilo halikwenda Upanga wala Oysterbay. Lilikwenda pembezoni: Chanika, Msongola, Kivule, Chamazi, Goba, Mbezi Msumi, Bunju, na ng'ambo ya Kigamboni. Kazi hazikuhama nao. Mizigo inapakuliwa Kariakoo, ofisi ziko Posta, viwanda viko Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Ubungo na Mikocheni, na kazi za ndani, bustani na ulinzi ziko Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach.

Mtu atauliza: kwa nini wasipange karibu na kazi? Jibu liko kwenye namna kodi inavyolipwa. Tuseme chumba kimoja pembezoni ni 30,000 kwa mwezi na chumba cha aina hiyo karibu na kazi ni 80,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Pembezoni anahitaji 180,000 mkononi, karibu na kazi anahitaji 480,000. Hana 480,000. Anahamia pembezoni na kuokoa 50,000 kwa mwezi kwenye kodi. Lakini aliyepanga karibu angetumia nauli moja ya 600 kwenda na nyingine kurudi, yaani 31,200 kwa mwezi, na yeye wa vipande vitatu anatumia 93,600. Tofauti ni 62,400. Kwa hiyo chumba cha bei rahisi kinamgharimu zaidi ya kile cha bei ghali, ila gharama yake inalipika kwa siku, kidogo kidogo, na hiyo ndiyo pesa pekee anayoishika. Anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Hana njia ya kuikwepa.

Na huyo ni yule ambaye tayari ana kazi. Asiye na kazi yuko pabaya zaidi, kwa sababu kutafuta kazi nako ni safari. Kijana anayekwenda kupanga mstari kwenye geti la kiwanda kutafuta kibarua cha siku anatoka nyumbani na 3,600 za nauli kabla hajajua kama ataingizwa. Akipata kibarua cha 10,000, akitoa nauli na sahani ya chakula, anarudi na kama 4,000. Akikuta idadi imetimia, amepoteza 3,600. Siku tatu za kukosa ni zaidi ya 10,000, na siku ya nne haendi. Takwimu zitamwandika kuwa amekata tamaa ya kutafuta kazi. Ukweli ni kwamba ameishiwa nauli. Aliyebahatika kuitwa kwenye usaili naye anakutana na swali dogo ambalo kila mtu katika chumba hiki analijua: "Unakaa wapi?" Mwajiri anajua kwamba wa Chanika atachelewa siku ya mvua. Kata unayoishi inageuka kuwa sehemu ya vyeti vyako.

Sasa tuingie ndani ya daladala lenyewe, maana wengi tunalaumu makonda bila kufungua hesabu yao. Tunaomba wenzetu wa vyama mtuvumilie na mtusahihishe panapostahili.

Dereva na konda wengi hawana mshahara. Wana hesabu. Asubuhi wanachukua gari, jioni wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilichokubaliwa, mafuta ni juu yao, na kinachobaki ndicho chao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, lakini makubaliano mengi ya daladala ni ya mdomo, na deiwaka anayeshikilia usukani kwa saa chache hana hata hayo. Tuseme hesabu ya Coaster ni 80,000 kwa siku. Gari linakwenda kilomita sita kwa lita moja, na lita ni 2,800. Ruti ya kilomita 18 inakula lita tatu, yaani 8,400 kwa kila kwenda. Saa sita mchana gari lina abiria kumi wa safari nzima: 8,000. Amepoteza 400 kabla ya kumhesabia tajiri hata senti moja. Kwa hiyo pesa yote ya siku lazima ipatikane kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi, halafu saa 10 hadi saa 2 usiku.

Ndani ya saa hizo chache, ruti nzima yenye abiria 40 inampa 40 mara 800, yaani 32,000. Akikatisha ruti katikati, akashusha wote na kupakia upya, anapata 40 mara 600 mara mbili, yaani 48,000, kwa kilomita zile zile na mafuta yale yale. Jedwali la nauli, kwa namna lilivyopangwa, linampa 16,000 za ziada kwa kukatisha ruti. Tunaweza kuongeza askari, tunaweza kuongeza faini, na gari litaendelea kukatisha, kwa sababu faini ni ya siku moja moja na faida ni ya kila safari. Anayelipa ni abiria wa mwisho wa ruti. Anaambiwa "mwisho hapa, gari linageuza," anashuka gizani na kutafuta 600 nyingine.

Hapo pia ndipo ilipo shida ya wanafunzi. Kila mwanafunzi anayepanda kwa 200 kwenye kiti cha 600 anamtoa konda 400. Wanafunzi 15 kwenye gari moja ni 6,000 kwa safari moja. Serikali iliamua, na iliamua vyema, kwamba mtoto asilipe nauli ya mtu mzima. Lakini nafuu hiyo hailipwi na hazina wala halmashauri. Inalipwa na konda kutoka kwenye masalio yake ya siku, naye anailipa kwa kufunga mlango akiona sare. Nafuu yoyote ambayo mzigo wake umewekwa juu ya mtu mwenye kipato kidogo kwenye mnyororo mzima itakataliwa mlangoni. Wazazi wenye uwezo wananunua nafasi kwenye gari la shule. Wasio na uwezo, watoto wao wanafika kipindi cha pili.

Tuje kwenye mwendokasi, mabasi yaendayo haraka kwenye njia yake yenyewe. Tunataka kuwa waangalifu hapa, kwa sababu ni mradi mkubwa na wenye mema mengi. Awamu ya kwanza, kama kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016. Foleni ya Barabara ya Morogoro iliyokuwa inakula saa nzima na zaidi ilipungua sana kwa aliyeko ndani ya basi. Vituo vina sakafu iliyolingana na mlango wa basi, jambo ambalo kwa mtu wa kiti cha magurudumu au mama mwenye mtoto mgongoni halina mfano kwenye daladala. Mwaka 2018 jiji hili lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa mradi huo, na ilistahili.

Lakini angalieni kilichotokea kwenye nauli. Kabla yake, mtu wa Mbezi, mbele ya Kimara, alipanda daladala moja hadi Kariakoo. Daladala zilipoondolewa kwenye njia kuu, safari yake ikakatika Kimara: daladala hadi Kimara, mwendokasi hadi mjini. Waliopanga nauli za 2016 waliliona tatizo hili, na jawabu lao tunalikumbusha kwa sababu limesahaulika. SUMATRA, iliyodhibiti usafiri kabla ya LATRA, iliidhinisha 400 kwa njia mlishi, yaani ya mabasi yanayoleta abiria kwenye njia kuu, 650 kwa njia kuu, na 800 kwa anayetumia zote mbili. Aliyeunganisha aliokoa 250. Hiyo ilikuwa nauli ya pamoja, iliyopitishwa kisheria katika jiji hili hili. Kasoro ilikuwa kwamba ilihusu mabasi ya mradi peke yake. Abiria aliyefikishwa Kimara na daladala hakuingia humo, na yeye ndiye anayetoka mbali zaidi. Aliyeishi jirani na kituo alipata mwendo na nauli moja. Aliyeishi kilomita kumi ndani alipata mwendo na nauli ya pili. Barabara moja, mradi mmoja, na pengo kati yao likapanuka.

Kasoro nyingine ilikuwa idadi na matunzo. Mradi ulianza na mabasi 140, makubwa ya kuunganishwa na ya kawaida. Basi la mita 18 linalobeba watu zaidi ya mia moja ni mashine ya kudai. Linataka vipuri vyake lenyewe, fundi wake, na karakana kavu. Karakana ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la mto Msimbazi ambalo hufurika, na maji yameingia humo mara kadhaa. Basi lililozama kiasi cha injini na nyaya halirudi kazini wiki hiyo, na wakati mwingine halirudi kabisa. Mabasi yakipungua, foleni inahamia kutoka barabarani kwenda kituoni. Waheshimiwa, kusubiri dakika 40 kituoni hakuwaumizi watu wote sawa. Ofisa wa mshahara wa mwezi akichelewa anaeleza. Kibarua akichelewa anakuta nafasi imekwenda. Barabara ikifungwa Jangwani kwa mafuriko, wa kwanza anapoteza asubuhi, wa pili anapoteza siku nzima ya chakula. Mradi wa bonde la Msimbazi umepanga daraja refu zaidi hapo na kuihamisha karakana, na sisi tunasema hiyo ni kazi ya ajira sawasawa na ilivyo kazi ya mazingira.

Awamu zinazofuata zimekwenda Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, Nyerere hadi Gongo la Mboto, na Bagamoyo kuelekea Tegeta. Tazameni umbo lake kwenye ramani: vidole vinne vyote vinashika katikati ya jiji. Dada wa Gongo la Mboto anayefanya kazi za ndani Mbezi Beach hana haja ya kupita Kariakoo. Anataka kukata jiji kwa pembeni, kwa Barabara ya Mandela hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge. Awamu ya Mandela imepangwa kuwa ya tano. Tungeomba ipande juu kwenye orodha. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa 2018 na lile la Kijazi pale Ubungo 2021, na yote mawili yamesaidia magari yavuke haraka. Anayeunganisha gari chini yake bado anavuka kwa miguu na kulipa tena.

Saa za kazi ni jambo ambalo takwimu za usafiri huwa hazilioni. Tunapima msongamano wa asubuhi na jioni, kana kwamba jiji zima linaingia kazini saa mbili. Mlinzi anabadilishana zamu saa 12 asubuhi. Mama lishe lazima awe Feri au Mabibo kabla jua halijachomoza, apate samaki na mboga kwa bei ya jumla, kisha afike anapopikia, kisha arudi nyumbani mchana na vyombo. Hizo ni safari tatu fupi, kila moja 600 hata kama ni kilomita mbili, na mbili kati yake akiwa na ndoo. Kwenye basi lililojaa ndoo ya samaki haina pa kukaa, kwa hiyo anaishia kwenye bajaji. Mhudumu wa baa na wa hospitali wanatoka usiku, wakati daladala zimeshalala kwa sababu tulizoziona kwenye hesabu ya mafuta. Mwanamke aliyepewa zamu ya usiku mara nyingi anaikataa, pamoja na posho yake. Kazi anayo, gari la kumrudisha hana.

Bodaboda imejaza pengo hilo, na inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa abiria ndiyo kipande cha mwisho kutoka lami hadi mlangoni, na ni ghali: buku au buku mbili kwa njia ambayo gari lingekwenda kwa 600. Kwa kijana ni ajira. Mara nyingi ni ya mkataba, analipa kila siku hadi chombo kiwe chake. Kwa hiyo amri ya kuwazuia wasiingie katikati ya jiji, hata ikiwa na sababu za usalama, inakata pande zote mbili. Amri kama hiyo ikitolewa bila kuonyesha eneo la maegesho mpakani na gari la kumpokea abiria pale, kinachobaki ni faini kwa kijana na mwendo wa jua kwa abiria.

Sasa, nini kifanyike? Tuna mambo manne, na hayana uzito sawa. La kwanza ndilo tunalolililia zaidi.

Tuache kupima usafiri kwa kasi ya magari. Tupime kazi ngapi mtu anaweza kuzifikia. Kipimo kinafanyika hivi. Chagua mahali pa kuanzia, tuseme Chanika mwisho. Weka mipaka mitatu: atoke saa 11 na nusu alfajiri, awe na shilingi 1,200 za kwenda, awe na saa moja na nusu. Mpe mtu simu yenye kurekodi njia, atembee safari hiyo kama abiria wa kawaida Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na siku moja ya mvua. Aandike dakika za kutembea, za kusubiri, za kukaa ndani ya gari, na kila nauli aliyotoa, hasa pale gari lilipokatisha. Kisha weka juu ya ramani maeneo ya kazi na uone ni yapi yamo ndani ya mipaka hiyo. Rudia kwa saa 4 usiku, kurudi.

Kosa linaloharibu vipimo vya aina hii ni kutumia ruti iliyoandikwa kwenye leseni badala ya ruti inayokwenda kweli, na kusahau kusubiri. Gari la dakika 30 linalosubiriwa dakika 40 ni gari la dakika 70. Nairobi walichora ruti za matatu kwa simu za mkononi, na ramani ikatolewa kwa umma 2014. Hapa kwetu, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuchora mitaa inayofurika kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za jiji. Ujuzi upo. Kata kumi za pembezoni, watu wawili kila kata, siku nne: hiyo ni kazi ya wiki mbili kwa halmashauri yoyote iliyoamua.

Pili, nauli ya pamoja irudi, na safari hii daladala ziwemo. Abiria alipe kwa umbali wa safari yake yote ndani ya dakika 90 au 120, hata akibadilisha gari mara tatu. Hapo dereva atauliza, na ana haki: nani anilipe mimi ninayembeba kipande cha pili bure? Jawabu ni kulipa gari kwa kilomita zilizotembewa kwenye ruti yake, na nauli zote ziingie kwenye mfuko mmoja. Dereva asiyelipwa kwa kichwa hana sababu ya kukatisha ruti, hana sababu ya kumkimbia mwanafunzi, na gari la saa nne usiku linalipwa sawa na la saa moja asubuhi.

Mfumo huu nao una mitego yake, tuiseme mapema. Mtego wa kwanza ni gari kukimbiza kilomita likiwa tupu na kuruka vituo, kwa hiyo malipo lazima yafungwe na kifuatilia mwendo na makato kwa kila safari iliyorukwa. Wa pili ni malipo kuchelewa. Mwenye Coaster mbili ananunua dizeli kila asubuhi, hawezi kusubiri siku 45 kama mkandarasi mkubwa. Alipwe kila wiki. La sivyo wadogo watauza magari yao kwa wakubwa ndani ya mwaka mmoja, na ajira za makonda zitakwenda nao. Wa tatu ni kadi. Kadi isiuzwe kwa bei ya nauli ya siku mbili, na ijazwe hata 600 kwa wakala wa pesa za simu, kwa sababu mtu wa kipato cha siku hajazi elfu kumi.

Tatu, waajiri. Brazil wana sheria tangu 1985 ya vocha ya usafiri: mfanyakazi anachangia nauli hadi asilimia 6 ya mshahara wake wa msingi, na kinachozidi kinalipwa na mwajiri. Rudini kwenye karatasi yenu. Mshahara 200,000, asilimia 6 ni 12,000. Kwa safari ya 93,600, mwajiri angebeba 81,600. Tunajua mtashtuka, na hatusemi sheria hiyo inakiliwe ilivyo. Ina kasoro mbili. Inamsaidia mwenye ajira rasmi peke yake, na inaweza kumfanya mwajiri azidi kuuliza "unakaa wapi?" Ndiyo maana inafaa ije baada ya nauli ya pamoja, siyo kabla. Safari ikishuka hadi 41,600, sehemu ya mwajiri inakuwa 29,600, na mazungumzo yanawezekana.

Bogotá walichukua njia nyingine 2014: punguzo la nauli kwenye kadi kwa waliotambuliwa kuwa na kipato cha chini kupitia daftari la misaada ya jamii. Inamfikia hata asiye na mwajiri. Udhaifu wake ni daftari lenyewe, maana asiyeandikwa hapati, na wapangaji wanaohamahama ndio wasioandikwa. Kwetu, kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, zingeweza kuwa mwanzo, na mwanzo tu.

Nne, nauli ya mwanafunzi ilipwe tofauti yake na mfuko wa umma. Hili ni fupi: 400 kwa kila mwanafunzi aliyegusa kadi, iingie kwenye malipo ya wiki ya gari. Konda atawaita mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba jambo moja liingie kwenye kumbukumbu za kikao hiki. Kila mradi wa barabara au kituo utakaoletwa mezani kwenu kuanzia bajeti ijayo uwe na ukurasa mmoja wa ziada, wenye kata tano za pembezoni zilizotajwa kwa majina, na mbele ya kila kata namba nne: nauli ya kwenda kazini kabla ya mradi, nauli baada ya mradi, idadi ya magari ya kupanda kabla, na idadi baada. Namba ya tatu na ya nne zikiwa moja na mbili, mradi urudi kwa mhandisi pamoja na swali la nani atalipa 600 hiyo. Fomu ya mfano tumeiacha kwa karani, nakala 40, na timu ya kwanza ya vipimo inaweza kutoka Chanika Jumatatu saa 11 na nusu alfajiri.